Maswali ya wasomaji: Taa ya cheki injini haikuambii ununue nini

Barua za safari hii karibu zote zinahusu taa moja ya dashibodi. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu makusudi, maana kosa lililomo ndilo linalokula pesa za wenye magari kuliko ubovu wenyewe.

Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Taa ya cheki injini iliwaka, fundi akasafisha throtoli na kubadilisha plagi, ikarudi. Akafunga sensa ya oksijeni ya mtumba, ikakaa siku mbili, ikarudi tena. Nimepima gari kwa kompyuta, imetoka P0171, wakaniambia ni sensa ya oksijeni. Ninunue mpya ya dukani? (Msomaji, Morogoro)

Usinunue. P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko unaoungua una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) imeshaongeza petroli hadi mwisho wa ruhusa yake. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa hiyo. Kuibadilisha kwa msimbo huu ni kumfukuza mlinzi kwa kupiga kelele za mwizi. Sensa yenyewe ikiharibika huwa na misimbo yake: P0135 hita yake ikikatika, P0133 ikianza kujibu polepole.

Zile siku mbili pia zisikudanganye kwamba sensa ya mtumba "ilifanya kazi kidogo". Fundi alifuta msimbo, na kwa hitilafu za aina hii kontroli boksi kwa kawaida husubiri iione katika safari mbili kabla ya kuwasha taa. Hata asingegusa chochote, ingezima na kurudi vilevile.

Rudi kwa mwenye mashine, umwombe asiishie kwenye msimbo. Afungue data zinazosomeka injini ikiwa inawaka, atafute mistari miwili iliyoandikwa STFT na LTFT. Hizo ni asilimia za petroli inayoongezwa au kupunguzwa. STFT ni ya papo hapo, LTFT ni ya mazoea. Injini nzima hucheza kati ya −10 na +10. Kwenye gari lako, ukijumlisha miwili hiyo, tarajia +25 au zaidi. Injini ikishapata moto, zisomwe mara mbili: gari likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyaga mafuta, kisha ukiwa umeshikilia resi 2,500 (mizunguko ya injini kwa dakika) kwa nusu dakika.

Kama namba ziko juu kwenye sailensi halafu zinashuka karibu na kawaida kwenye resi 2,500, kuna mahali hewa inaingia kwa kuiba, baada ya kupita sensa ya hewa. Tundu ni lilelile, ila kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Resi zikipanda inamezwa. Zikiwa nzuri kwenye sailensi lakini zinapanda ukiongeza resi au ukipanda mlima, achana na uvujaji. Hapo ama petroli haifiki ya kutosha, ama sensa ya hewa, ile ya MAF, ni chafu na inahesabu hewa pungufu.

Kwa kuwa throtoli ilifunguliwa, anza kwa kukagua kazi ya fundi. Mpira mnene unaotoka kwenye boksi la ea klina kwenda throtoli una mikunjo, na mipasuko hujificha ndani ya mikunjo hiyo upande wa chini. Ukunje kwa mkono ndipo utaiona. Angalia klipu zake zote zimebana. Endelea na vipira vyembamba vya vakyumu, mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue) unaotoka kwenye kava la valvu, mpira unaokwenda kwenye busta ya breki, na mwisho gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa. Kwenye injini ya 1ZZ ya Corolla na Premio za mwanzoni mwa miaka ya 2000 tungeanza na gasketi hiyo, hasa kama gari linasumbua asubuhi likiwa la baridi na kutulia likipata moto.

Kuthibitisha, puliza kidogo sana dawa ya kusafishia kabureta pembeni ya kila kiungo gari likiwa sailensi. Penye tundu dawa itavutwa ndani, sauti ya injini itabadilika na STFT itaporomoka hapohapo, kwa sababu dawa hiyo inaungua kama petroli. Kwa sababu hiyohiyo usiipulize karibu na ekzosi, na kizima moto kiwe mkononi. Asiye na kizima moto atumie chupa ya kupulizia maji. Matokeo hayaonekani wazi sana, lakini hachomi gari.

Sensa ya MAF imechomekwa kwenye njia ya hewa pale ea klina, imeshikwa na skrubu mbili. 1NZ ya moto kwenye sailensi husoma gramu 2 hivi za hewa kwa sekunde. Isafishe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, usiguse nyaya zake ndogo kwa kidole, pamba wala mswaki, na iache ikauke robo saa kabla ya kuirudisha. Ikiwa ilikuwa na vumbi, tazama ea klina yenyewe. Nyingi za bei ya chee hazikai sawasawa kwenye boksi, na vumbi hupita pembeni.

Likibaki suala la petroli, presha ipimwe kwa geji: 1NZ inataka psi 44 hadi 50. Fundi akikuambia abadilishe filta ya mafuta "hapo chini ya boneti", mtafute mwingine, maana kwenye IST filta iko ndani ya tangi pamoja na pampu.

Premio yangu inamisi nikipanda mlima. Taa inapepesa, nikifika tambarare inaacha kupepesa lakini inabaki inawaka. Ilianza kesho yake baada ya kuoshwa injini. (Msomaji, Mbeya)

Taa inayowaka bila kupepesa inakupa muda wa kupanga. Inayopepesa inataka utoe mguu kwenye mafuta saa hiyohiyo. Petroli isiyoungua kwenye silinda inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (kile kifaa cha kusafisha moshi, katalisti), na masega huyeyuka kwa joto hilo. Usiendelee kulipandisha mlima.

Msimbo utakuwa P0300 au mmoja kuanzia P0301 hadi P0304, ambapo tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda. Silinda ya kwanza ni ya upande wa mikanda. Tuseme imetoka P0303. Zima gari, toa koili ya silinda ya 3 (boliti moja, spana namba 10), ubadilishane na ya silinda ya 1. Futa msimbo, kisha endesha kidogo kwa namna ileile inayoleta kumisi, bila kuing'ang'ania taa ikianza kupepesa. Ikitoka P0301, koili ndiyo mbovu, nawe umejua bila kununua kitu. Ikibaki P0303, fanya hivyo kwa plagi. Ikikataa tena, fuata nozeli, na mwisho kompresheni ipimwe.

Kwa historia ya gari lako, kabla ya hayo yote chungulia kwenye visima vya plagi. Maji yamo? Yapulize kwa kompresa *kabla* ya kufungua plagi, la sivyo yataingia kwenye silinda. Ukikuta oili badala ya maji, sili za kava la valvu zimechoka, na koili mpya itakufa kama ya zamani mpaka zibadilishwe. Angalia pia kauri nyeupe ya plagi: kijimstari cheusi kinachoshuka kwa urefu ni njia ambayo cheche imekuwa ikitorokea, na plagi hiyo ibadilishwe pamoja na mpira wa koili yake. Plagi ambazo namba yake inaishia na 11 zina mwanya wa milimita 1.1; usikubali zigongwe zipunguzwe "ili zichome vizuri".

Fundi wetu anachomoa teminali ya betri dakika kumi, taa inazima. Hayo ni matengenezo? (Msomaji, Tanga)

Hapana, ni kufuta ushahidi. Msimbo unapohifadhiwa, kontroli boksi huhifadhi pia hali ya gari wakati huo: resi, joto la maji, mwendo, mzigo wa injini. Hiyo ndiyo inayomwambia fundi makini kama tatizo lilitokea asubuhi kwenye baridi au barabarani kwenye kasi. Ukichomoa betri vyote vinapotea, na gari linaweza kuyumba sailensi mpaka lijifunze upya. Hitilafu ikiondoka kweli, taa kwa kawaida huzima yenyewe baada ya safari tatu zilizokwenda vizuri.

Nilitoa masega nikauza, gari likawa jepesi. Sasa P0420 haiondoki hata ikifutwa. (Msomaji, Dar es Salaam)

Haitaondoka. Sensa ya pili imewekwa baada ya masega ili kupima kama yanafanya kazi, na sasa inaona moshi uleule unaoonwa na ya kwanza. Wanunuzi wanafuata platini, paladiamu na rodiamu zilizomo. Hawakununua chuma chakavu. Dawa ya haki ni kuyarudisha. Kile kirefusho kinachofungwa chini ya sensa ya pili kinaziba macho ya kompyuta tu, tena siku masega ya mtu yakianza kufa kweli hatajulishwa.

Kwa wengine wenye P0420 na masega yao bado yapo: tibuni kwanza kumisi na kula oili, kagueni ekzosi isiwe inavuja kabla ya sensa ya pili, ndipo msome volti zake. Ikitulia karibu na 0.6 au 0.7 gari likiwa kwenye mwendo wa kutulia, masega ni mazima. Ikiruka kati ya 0.1 na 0.9 bila kupumzika, yamechoka. Kumbukeni pia kwamba kuchoka si kuziba. Masega yaliyoziba hulinyima gari nguvu na resi hazipandi, na hilo linaweza kutokea bila P0420.

Nataka kununua gari la mkononi, la mwaka 1999. Dalali anasema taa haijawahi kuwaka. Mashine yetu ndogo ya simu inakataa kuunganika. Nitajuaje? (Msomaji, Mwanza)

Taa ambayo haijawahi kuwaka ni ya kutilia shaka. Weka ufunguo ON bila kuwasha injini: taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka ON, balbu imetolewa au imezibwa.

Kwenye magari ya karibuni, mashine itakuonyesha pia kilomita zilizotembewa tangu misimbo ifutwe, na kama ukaguzi ambao gari hujifanyia umekamilika. Ukikuta kilomita 9, muulize dalali jana alikuwa anaficha nini.

La 1999 ni habari nyingine. Marekani ililazimisha mfumo wa pamoja wa kusoma misimbo, OBD-II, kuanzia magari ya 1996, lakini magari mengi ya soko la Japani ya miaka hiyo yana soketi ileile ya matundu 16 huku yakizungumza lugha yake. Kama ni Toyota, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, kisha weka ON. Taa ikipepesa mfululizo kwa mwendo sawa, hakuna msimbo. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara tano, hiyo ni 25: hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo, rudi kwenye jibu la kwanza. Namba 21 ni sensa ya oksijeni, 31 ni kipimo cha hewa. Ukiitazama soketi upande wake mpana ukiwa juu, safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, kwa hiyo hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka waya.