Solenoidi ya Club Car DS ya zamani

Usiagize solenoidi (swichi inayopeleka umeme wa betri kwenye mota) ya kigari hiki cha gofu kwa kukisia mwaka, soma kwanza namba ya kiwandani. Kwenye DS ya umeme iko upande wa abiria, chini ya dashibodi. Ikianza na A9535, hiyo 95 ni mwaka 1995 na 35 ni wiki. Kisha fungua kiti uhesabu vifuniko vya maji kwenye betri moja: vitatu ni volti 6, vinne ni volti 8. Betri sita za 8 ni mfumo wa volti 48. Sita za 6 ni 36. Solenoidi ya 36 ukiifunga kwenye 48 koili (waya uliozungushwa ndani yake) inaungua, na ya 48 kwenye 36 inaweza isivute kabisa, yaani swichi isifunge. Ila kama fundi alishabadilisha mfumo, fuata betri, siyo kibandiko cha namba ya kiwandani.