Anza na Dari, Mlango Utakungoja

Juzi kijana mmoja wa Chake Chake kaniandikia: anataka kupiga skani majengo ya kale, yaani picha nyingi ziunganishwe na kompyuta ziwe modeli ya jengo, anunue droni gani? Nimemwambia asinunue kwanza. Mimi nilianza na droni, na nyumba ikanipotea mikononi.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, Malindi, mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko. Asubuhi tatu nilipiga picha za uso wa mbele na mlango wa nakshi. Programu ikaziunganisha, modeli ikatoka nzuri, unaizungusha unaona mpaka njumu za shaba. Bibi mwenye nyumba alinishika mkono: "Ingia ndani mwanangu, huku ndiko kunakovuja." Nikamwambia nitarudi.

Masika yakanitangulia. Dari ya nyuma ilishuka na ukuta wake. Bibi alikuwa kwa mwanawe, alhamdulillahi. Fundi akaniuliza: boriti zilipishana kiasi gani? Ukuta ulikuwa na unene gani? Ngazi zilipandia wapi? Nilikuwa na mlango tu, na hata huo haupimiki, maana sikuweka futi ya kupimia kwenye picha hata moja. Ofisi moja niliyowapelekea modeli ile wakaiita pambo. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Basi sikilizeni. Maji huingilia juu, hufuata boriti, na kichwa cha boriti kilichozama ukutani ndicho huoza mwanzo. Ukipiga plasta ya saruji juu ya chokaa, unyevu hukosa pa kutokea. Huko ndiko kwa kupiga picha: dari, pembe, vichwa vya boriti. Kila picha ichukue zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Weka futi ionekane. Simu inatosha.

Wala usiseme nitarudi. Beit el Ajaib, jumba la sultani kule Unguja, ilisimama tangu 1883. Desemba 25, 2020 upande wake ukaanguka na watu wawili wakafa. Kule Paris, mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alilipima kanisa la Notre-Dame kwa leza mwaka 2010, ndani na nje. Alifariki 2018, kanisa likaungua Aprili 2019. Hakuyaona matunda ya kazi yake, lakini vipimo vilikuwapo.

Kijana wangu, hiyo pesa ya droni nunua tochi kubwa, ngazi ya kupandia na diski mbili za kuhifadhia picha, moja ikae nyumba nyengine. Halafu muombe bibi yako ruhusa, uingie chumba kinachovuja.