Kabla ya kuwasha Marconiphone 702

Ndugu, unasema umepata Marconiphone 702, ile televisheni ya Uingereza ya kabla ya vita ambayo picha yake hutazamwa kwenye kioo kilichobandikwa ndani ya mfuniko, na unauliza kama unaweza kuichomeka uone iwapo ni nzima. Nakusihi usiichomeke. Volti elfu kadhaa za tyubu ya picha hutoka moja kwa moja kwenye transfoma ya umeme wa nyumbani, kwa hiyo mkono ukiteleza ni kifo. Isitoshe, kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme) za karatasi na nta huanza kuvujisha umeme zikizeeka, na moja tu yaweza kuunguza transfoma hiyo, ambayo kupata mbadala wake ni bahati.

Pima kwanza waya wa kupashia tyubu moto. Ukiwa umekatika, utajua mapema kwamba tyubu imekufa. Kapasita mpya zifiche ndani ya maganda ya zile za zamani. Sanduku lifutwe vumbi tu, kwani vanishi mpya, kwa maoni yangu, ni uharibifu. Kioo usikisugue kabla hujahakikisha kwamba fedha yake haikupakwa upande wa mbele.

Matangazo ya mistari 405, mfumo wa picha ambao televisheni hii hupokea, yalikoma mwaka 1985, hivyo utahitaji kigeuzi cha kubadili mawimbi ya kisasa yawe ya mfumo huo.