Maji hayaingilii kwenye kamera: ushauri wa fundi kwa watu wa Arusha na Moshi

Simu za wateja nazo zina msimu. Kuna zile za Aprili, mtu wa Njiro au Moshono analalamika kamera ya getini inawaka na kuzima. Halafu kuna zile za Desemba, ndugu zetu wakishapanda kutoka Dar kuja kula Krismasi Kibosho, Machame na Marangu, na kila mmoja anataka kamera na fensi ya umeme vifungwe kabla hajarudi mjini. Zote zinakuja wakati mbaya. Masika ni Machi hadi Mei, na Desemba vuli mara nyingi bado inadondoka. Ukiniuliza mimi, kazi ya nje ipange Agosti na Septemba, au Januari na Februari. Juni na Julai nimeziruka makusudi, nitaeleza.

Kwanza hili la maji. Kwenye boksi la kamera pameandikwa IP67. Sita ni ya vumbi, maana yake haliingii kabisa. Saba ni ya maji, maana yake ukiizamisha hadi mita moja kwa nusu saa haidhuriki. Mteja akishasoma hapo anaridhika. Lakini kipimo hicho ni cha mwili wa kamera, si cha ule mkia wa waya unaoning'inia nyuma, na maji yanaingilia kwenye mkia. Kamera nyingi siku hizi zinapata umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Unyevu ukifika kwenye pini zenye umeme, shaba inaota kijani, na baada ya muda picha inaanza kukatika. Fundi wa haraka atakuuzia kamera mpya. Jointi, yaani pale mkia unapoungana na waya, ikibaki nje, na hiyo mpya itakufa vilevile.

Kwa hiyo simama chini ya ngazi uangalie mambo haya. Jointi yote iingie ndani ya boksi la kuungia, isizungushiwe tepu nyeusi tu ikaachwa ukutani; jua la miezi michache linaiachanisha gundi. Waya uingie kwenye boksi kutokea chini, na kabla ya kuingia uachwe ulegee, ushuke chini ya tundu kidogo, ili tone lidondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Tundu la ukuta litobolewe likiinamia nje. Silikoni ipakwe juu na pembeni mwa boksi, chini paachwe wazi. Wateja wengi hili la mwisho wanaliona uzembe, wanataka boksi lizibwe pande zote. Ukiziba kote, maji yatakayopenya, na yatapenya, hayana pa kutokea.

Waya wenyewe uulizie. Ule wa kijivu wa ofisini ganda lake halikutengenezwa kwa ajili ya jua; kwa nje nunua wenye ganda jeusi la nje, na ndani uwe shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Hata vibana vya plastiki chukua vyeusi. Vyeupe vinakatika vyenyewe.

Sasa Juni na Julai. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miezi hiyo wingu la Meru linaweza kukaa mpaka saa tano asubuhi, pengine siku nzima. Mvua si kubwa, lakini hewa imejaa maji. Ukifunga kamera yenye kioo cha kuba asubuhi ya namna hiyo, umeifungia hewa mbichi ndani, na usiku baridi ikishika kioo kinatoka jasho kwa ndani. Mimi kioo nakifunga mchana, jua likiwa limetoka, na kama halikutoka narudi kesho yake. Usiku wa ukungu kuna shida nyingine: taa za kamera zinaupiga ukungu, mwanga unarudi kwenye lenzi, unaona weupe mtupu. Hapo dawa ni taa ya kawaida iliyofungwa mbali na kamera. Na kamera za sola ambazo watu wa Ilboru na Sekei wanazipenda, zinunue ukijua kwamba Julai ndiyo mtihani wake. Paneli ielekee kaskazini kidogo, maana miezi hiyo jua letu liko upande huo, na isikae chini ya mparachichi.

Fensi ya umeme ina tabia yake. Watu wanaogopa mvua kubwa, ila mimi naogopa zaidi manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi. Vumbi la miezi limeganda kwenye vikombe vya plastiki vinavyoshika waya. Likilowa kidogo linapitisha umeme, fensi inalia taa-taa-taa na king'ora kinaamsha mtaa. Mvua kubwa inaviosha. Vifute vikombe Oktoba, ufyeke na majani yanayogusa waya. Kiangazi nako kuna balaa la pili: udongo ukikauka, hasa huku chini ya Moshi kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, waya wa ardhini haushiki vizuri na shoti inakuwa dhaifu. Mkono wa mwizi unavumilia. Chimbia vyuma vitatu, virefu, vilivyoachana hatua tatu hivi, na visiunganishwe na eathi ya nyumba.

Kule mlimani mgomba ni adui wa kamera kuliko mvua. Jani likipigwa na upepo mbele ya lenzi, kamera inadhani ni mtu, na simu yako italia usiku kucha, na siku ya tatu utaizima. Kata jani au sogeza kamera.

Radi sina mjadala nayo. Nikisikia ngurumo nashuka, hata kama imebaki skrubu moja. Mzee mmoja wa Tengeru aliniambia, "Mwanangu, mbona iko mbali?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, nitamalizia kesho." Ngazi ya alumini, ukuta uliolowa na drili ya umeme si vitu vya kukutana. Na radi haihitaji kupiga nyumba yako. Waya mrefu kutoka getini unaubeba mshtuko wa umeme hadi kwenye DVR, kile kisanduku cha kurekodi picha. Kwa geti lililo mbali, weka kinga ya mshtuko ncha zote mbili, au vuta faiba, ambayo haipitishi umeme.

Malipo. Vifaa vilipe vyote, fundi naye kavinunua dukani kwa taslimu. Hela ya ufundi, bakiza sehemu hadi mvua kubwa ya kwanza ipite, na mwandikiane. Wenzangu wananinunia nikisema hivi. Mvua ikishapita, mwite apande afungue boksi lililopigwa zaidi, wewe ukiangalia. Likiwa kavu, mmalizie chake siku hiyohiyo.