Lamu na watoto wadogo? Njooni, lakini kaeni kijiji cha Shela

Dadangu umeuliza kama Lamu itawafaa na watoto wa miaka 2 na 5. Mi naona inafaa sana, magari ni kama hakuna kwa hivyo wanakimbia vichochoroni mpaka magharibi, cha kuogopa zaidi ni punda (na mavi yao lol). Kigari cha mtoto kiache nyumbani, mchanga na ngazi zitakutesa, mbebe kwa leso. Bichi ya Shela ni ndefu kama kilomita 12 lakini ogeeni karibu na kijiji, mkisonga mbele mawimbi makali hasa msimu wa kusi. Na kabla hujalipia nyumba uliza huko juu darini ukuta una kimo gani, mtoto wangu alinitoa roho siku ya kwanza tu. Neti ya mbu pia uliza.