Dogo, saa nne usiku daftari linafungwa

Dogo, mwaga hiyo kahawa. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa.

Umeandika uko Arusha, unasoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), mtihani wa kidato cha sita umebaki wiki tatu, unalala saa tisa usiku unaamka saa kumi na moja, na unaomba tukutajie kahawa kali zaidi, taa ya sola isiyoumiza macho na namna ya kupanga mada za Baiolojia. Nimesoma tumbo likanikata. Huyo ni mimi kabisa, ila mimi nilikuwa Moshi.

Sisi tulikuwa na mwalimu wa twisheni, jina lake nalimeza, aliyetuaminisha kwamba usingizi ni wa waliokata tamaa. Mbinu yake: beseni la maji baridi chini ya meza, miguu ndani, mdomoni unatafuna buni za kukaanga hadi jogoo awike. Maji ya kutoka mlimani, aisee, masika inapiga bati! Na yeye mwenyewe twisheni ya jioni alikuwa anasinzia kwa kusimama, chaki mkononi. Hapo ningeshtuka. Sikushtuka kwa sababu nami nilikuwa nimesinzia.

Usiku wa kuamkia karatasi ya Baiolojia sikulala hata lepe. Mfumo wa fahamu niliurudia mara sita. Asubuhi nafungua karatasi, swali hilo hapo: ujumbe unavukaje kutoka seli moja ya neva kwenda nyingine. Nikauona ukurasa wangu wa kaunta buku, upande wa kushoto, wino mwekundu, doa la chai kwenye kona. Maneno ya ukurasa huo? Hayapo. Nikaandika "sinapsi" mara tatu, kisha nikachora kitu ambacho msimamizi alipita akakitazama, akarudi akakitazama tena. Kilifanana na birika.

Ng'ombe wa mama alishauzwa kwa ajili ya ada. Nikarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka mzima mchana nashusha magunia ya mahindi Mbuyuni. Mjomba wangu ananiita "daktari" mpaka leo, tena misibani, mbele za watu.

Mwaka huo ndio nilitafuta nini kilinikuta. Kumbe ile ile sinapsi niliyoshindwa kuichora ndiyo niliyokuwa naiharibia kazi. Mchana unapojifunza, viunganishi kati ya seli za ubongo, ndizo hizo sinapsi, vinakazwa, na havichagui: mada ya mwalimu, kelele za bodaboda, picha za kwenye simu, vyote vimo. Ukizama kwenye usingizi mzito, seli zinawaka na kuzima kwa pamoja, mawimbi ya polepole, na viunganishi vingi vinapunguzwa nguvu. Giulio Tononi na Chiara Cirelli, watafiti wa usingizi wa chuo kikuu cha Wisconsin, Marekani, ndio walioleta hoja hiyo. Mwaka 2017 kundi lao lilionyesha kwenye panya: walipima sinapsi karibu 7,000 kwa hadubini ya elektroni, wakakuta kwa wale waliolala eneo la mgusano limesinyaa kwa takriban asilimia 18 kuliko kwa waliokaa macho. Zile kubwa kabisa, kama moja ya tano, hazikuguswa. Wewe ni wa Arusha, umeona mibuni inavyopogolewa: usipokata matawi mabovu, mti unajaa majani tu.

Na si kukata tu. Mwaka 2014 watafiti wa New York waliwafundisha panya kukimbia juu ya fimbo inayozunguka. Waliolala baadaye walichipuza vijitawi vipya kwenye seli zao, walionyimwa usingizi walichipuza vichache. Yaani somo unalisoma ukiwa macho, linashika mizizi ukiwa umelala. Mimi nilipanda wiki tatu mfululizo bila kuacha kitu kiote.

Sasa najua utanijibu kijanja, kwamba usingizi mzito huja mwanzoni mwa usingizi, kwa hiyo saa mbili zinakutosha. Hazikutoshi, mdogo wangu. Mzunguko mmoja ni kama dakika 90, na usingizi mzito unarudi mzunguko wa pili na hata wa tatu. Unaamka umepata mmoja na kipande. Halafu hiyo kahawa: baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko mwilini. Ukinywa saa sita usiku, saa tisa unalala nayo kitanda kimoja.

Kwa hiyo saa nne usiku daftari linafungwa. Mada haijaisha? Linafungwa. Rafiki zako wa bweni wanakucheka? Linafungwa, na taa inazimwa. Mara ya pili nilifanya hivyo hivyo, nikipigwa na usingizi wa magunia, na swali la neva lilipokuja nikalichora mpaka vifuko vya kemikali vyote.

Beseni bado lipo nyumbani. Mama analowekea maharage.