Treni ya London–Paris kwenye tiketi ya kuzunguka dunia: inahesabiwa

Ndugu yetu wa Moshi, umeuliza kama treni ya London–Paris, unayojilipia nje ya tiketi yako ya kuzunguka dunia, inahesabiwa kwenye tiketi hiyo. Ndiyo, inahesabiwa. Tiketi ya oneworld Explorer unayoulizia, ya muungano wa mashirika ya ndege uitwao oneworld, ina ukomo wa vipande 16 (kipande ni safari moja ya ndege yenye namba yake), na pengo kati ya mji unaotua na mji unaorukia tena, unalovuka nchi kavu kwa nauli yako mwenyewe, linakula kipande kimoja, sawa na ndege.

Safari yako ihesabu hivi: KIA (uwanja wa Kilimanjaro)–Doha, cha 1, Doha–London, cha 2, London–Paris kwa treni, cha 3, Paris–New York, cha 4. Doha ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani kwa kuwa hawatoki nje ya uwanja, KIA hadi London ni kipande kimoja. Hapana! Ukibadili ndege na namba ya safari, umeanza kipande kipya, hata ukikaa saa moja tu. Ndege ikitua njiani kisha ikaendelea kwa namba ileile, ni kimoja.

Ukomo unaobana zaidi ni wa bara: vipande 4 ndani ya kila bara, Amerika Kaskazini 6. Kwa kanuni hizi Doha imewekwa pamoja na Ulaya, kwa hiyo Doha–London na treni tayari ni 2 kati ya 4. KIA–Doha na Paris–New York zinavuka mabara, haziingii humo, lakini kwenye 16 zimo.

Nakushauri urudi London kwa treni na uruke New York kutokea huko. Utakuwa umetua na kuruka mji uleule, kwa hiyo pengo linafutika, na umeokoa kipande. Wakala wako wa Arusha akuandikie kila pengo kwenye ratiba kabla hujalipa.